Popo darini: tunavyowatoa bila sumu wala kuwaua

Simu nyingi tunazopigiwa huanza hivi: "Nina panya wengi darini, njooni na sumu." Tukifika, tukaegemeza ngazi na kuchungulia, mara nyingi tunakuta si panya. Panya hukimbia juu ya dari usiku wa manane. Popo hukwaruza na kulia kwa sauti nyembamba mchana bati linapopata moto, wanachangamka jua likizama, halafu kunakuwa kimya. Ukitaka uhakika, vaa glovu, chukua punje moja ya kinyesi uiponde kwenye karatasi. Cha panya kikikauka ni kigumu. Cha popo kinasagika kikawa unga wenye vipande vinavyometameta, mabaki ya mbawa na magamba ya wadudu.

Ukishajua ni popo, tafadhali ile sumu iache dukani. Tutaeleza kwa nini, lakini kwanza mjue mgeni wako.

Wanaokaa kwenye nyumba zetu hapa Uganda, kuanzia Entebbe hadi Arua, wengi ni popo wadogo wenye mkia uliochomoza nje ya ngozi iliyo kati ya miguu yao. Wanasayansi wanawaita Mops pumilus, mwenye uzito wa gramu kumi na kitu, na Mops condylurus, anayekaribia gramu thelathini. Wote wawili wanakula wadudu na wanapenda joto. Chini ya bati mchana joto linapita nyuzi 40, fundi hawezi kukaa humo muda mrefu, ila wao wanalala tu. Si wale popo wakubwa wa matunda waliolipa jina eneo la Bat Valley pale Bombo Road, Kampala. Wale wananing'inia mitini, darini hawaingii. Wala si popo wa mapangoni waliohusishwa na ugonjwa wa Marburg katika mgodi wa Kitaka mwaka 2007 na Python Cave, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, mwaka 2008. Wateja wengi huwachanganya hao wote, hofu inapanda, na mtu mwenye hofu ndiye anayewasha moto darini.

Hata hivyo hatutakwambia kwamba hakuna hatari. Popo yeyote anaweza kubeba virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo hashikwi kwa mkono mtupu hata akiwa amelala sakafuni kama mfu. Akikuuma au kukuparua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo uulizie chanjo, hata kama kidonda ni alama ndogo tu. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba wamekuta virusi vya Bombali, ndugu wa Ebola, katika popo wa darini huko Sierra Leone, na baadaye vikaonekana Kenya pia. Hakuna mtu aliyeripotiwa kuugua kwa virusi hivyo, lakini ni sababu ya kutosha ya kutowagusa. Halafu kuna kinyesi. Kikirundikana, kinaweza kuota kuvu inayoitwa Histoplasma, na vumbi lake likivutwa linashambulia mapafu. Kwa maoni yetu kinyesi ndicho kinachostahili kuogopwa zaidi nyumbani, maana watu hupanda juu na ufagio wakaanza kufagia kikavu, bila chochote puani.

Sasa sumu. Popo anakula wadudu wanaoruka, chambo cha panya hakimhusu. Kwa hiyo watu hupuliza dawa ya mende au ya kunguni kwenye upenyo wa paa. Matokeo yake tumeyaona: baadhi wanafia kati ya dari na ukuta, nyumba inanuka kwa wiki nzima, wengine wanalegea na kuangukia chumbani, na mtoto anaokota. Yaani mnyama aliyekuwa juu, mbali na familia, umemleta mwenyewe kitandani. Moshi wa pilipili au wa tairi unaweza kuteketeza nyumba. Vidonge vya nafthalini, vile vya kufukuza nondo kabatini, vinawadhuru zaidi wanaolala chini ya dari kuliko wanaolala juu yake. Vile vimashine vya sauti vya kufukuzia wanyama tumeviondoa katika nyumba ambazo popo walikuwa wamelala pembeni yake. Na tuseme umewaua wote: tundu bado liko wazi, na harufu iliyobaki inawaita wengine.

Popo hawahitaji kufukuzwa. Kila jioni wanatoka wenyewe. Kazi yetu ni kuhakikisha walipotokea hawapiti tena, na kwamba hatukumfungia popo yeyote ndani.

Hapo ndipo kwenye uzito, kwa sababu ya watoto. Jike huzaa mtoto mmoja kwa wakati mmoja, na mtoto huyo anakaa wiki nne hadi sita kabla ya kuruka. Ukifunga njia katika kipindi hicho, mama anabaki nje na mtoto anakufa ndani kwa njaa. Maelekezo mengi yaliyoko kwenye intaneti yanasema usizibe kuanzia Mei hadi Agosti. Yameandikwa Ulaya na Marekani, ambako popo wanazaa kiangazi. Sisi tuko kwenye ikweta. Popo wetu wanaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na kalenda ile haitufai. Kwa hiyo hatukisii. Tunapanda mchana na tochi yenye mwanga mwekundu, tunatafuta watoto: wa rangi ya waridi, hawana manyoya, wamejibana kwenye mbao za kenchi. Tukiwaona, kazi inasimama.

Hili limewahi kutugombanisha na wateja. Kule mji wa Bombo, Hajati mmoja alikuwa na harusi ya binti yake inakaribia, na silingi bodi ya sebuleni ilikuwa imeshuka katikati, ina doa la kahawia kuanzia taa hadi dirishani. Tulipomwambia kuna watoto juu, alituangalia kwa muda. "Mwanangu, wageni wangu nitawaambia popo wananyonyesha?" Tulimwomba radhi, tukafanya lililowezekana siku hiyo: tukaziba kila ufa kati ya dari na vyumba ili asidondoke popo hata mmoja mbele ya wageni, tukategemeza ile bodi kwa mbao, na harufu ikapungua. Baada ya harusi tulirudi kukagua, watoto walikuwa wameshaota manyoya na wanaruka. Ndipo tukaanza. Hajati ndiye aliyetuelekeza kwa jirani zake wawili.

Kazi yenyewe inaanzia nje, jioni. Kwetu jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na robo mwaka mzima, kwa hiyo tunakaa mapema, mtu mmoja kila kona ya nyumba, tunaangalia paa. Popo hawa wana mabawa membamba, ni vigumu kwao kupaa kutoka chini. Wanajiachia kwanza kutoka juu ndipo wanaruka. Utawaona wanadondoka mmoja mmoja kutoka sehemu ile ile, na chini yake ukutani kuna alama ya mafuta ya miili yao pamoja na kinyesi. Hapo ndipo mlango wao.

Siku inayofuata tunaziba kila pengine isipokuwa hapo. Tundu la sentimita moja na nusu linawatosha, kwa hiyo tunapitia mawimbi ya bati yanapokutana na fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa), chini ya kofia ya paa, bati linapogusa ukuta, na matundu ya hewa ambayo wavu wake umeoza. Tunatumia wavu mdogo wa chuma, saruji na silikoni. Povu la kopo peke yake hatulipendi: juani linachakaa, na likiwa bichi popo ananata. Kwenye mlango wao tunatundika wavu laini wa plastiki, umefungwa juu na pembeni, umeachwa wazi chini, ukishuka karibu nusu mita kupita tundu. Popo akitoka anatambaa chini ya wavu, anajiachia, anakwenda zake. Akirudi anafuata harufu hadi usawa wa tundu, anakuta wavu, hajui kuzunguka kwa chini. Tunauacha usiku saba angalau. Msimu wa mvua tunaongeza, kwani usiku wa mvua kubwa wengine hawatoki kabisa. Tukikaa jioni tusione anayetoka, tunaondoa wavu na kuziba kabisa.

Wateja huuliza wanakwenda wapi. Wanatafuta paa jingine au mti wenye uwazi, na huenda likawa la jirani, kwa hiyo mwambie mapema akague nyufa zake. Anayependa tunamtengenezea sanduku la mbao, tunaliweka juu ya nguzo ndefu mahali penye jua, kabla ya kuziba nyumba. Mara nyingine wanalikubali, mara nyingine hawalitazami, na hilo tunakwambia kabla hujalipia. Sisi tunalipenda, kwa sababu wale wadudu wanaozunguka taa ya veranda na nondo wa shambani wanahitaji mlaji.

Usafi ni mwisho, kamwe si mwanzo. Tunalowesha kinyesi kwa maji yenye dawa ili vumbi lisipande, tunavaa ovaroli, glovu na barakoa za N95, tunajaza magunia na kuyafukia. Bodi iliyolowa mkojo inatolewa. Kuipaka rangi ni kupoteza pesa. Siku hiyo wajawazito, watoto wadogo, wenye pumu na wenye kinga dhaifu wasiwepo nyumbani.

Kuhusu kuchakuro (kindi), ambao wateja wanaokaa karibu na msitu hutuulizia: utaratibu ni huo huo wa njia ya kutokea tu, ila yeye anatoka mchana na anatafuna mbao, hivyo tunaziba kwa bati au chuma, na matawi yanayogusa paa lazima yakatwe.

Bei hatuitaji kwa simu. Inategemea urefu wa paa, wingi wa matundu, na kiasi cha kinyesi kilichoko juu, vitu ambavyo lazima tuvione. Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba kabla hujatuita, kwani tunagusa paa na ukuta wake, na bila ruhusa yake hatuanzi. Akisita, tuiteni tukague tu. Picha za dari iliyolowa tutakuachia umwoneshe.