Mwanangu, hatua ni 19

Marangu, Moshi

Mama yangu mpendwa,

Barua yako tumeipata. Mama yako kaisoma kwanza, kisha akanisukumia mimi: "Hesabu hizo mjibu wewe."

Swali lako ni hili: 5, 8, 11, 14, namba ya 20 ni ipi? Umeandika 65, mwalimu kakukosesha, na wewe huoni kosa liko wapi. Mimi nimeliona haraka kwa sababu niliwahi kulilipia.

Nilipozungushia uzio shamba la chini, kando ya mfereji, urefu ulikuwa mita 30 na nguzo nilitaka kila mita 3. Nikagawa kichwani, nikapata 10, nikaenda Himo kununua 10. Jioni tunamaliza, shimo la mwisho liko wazi. Nafasi ndizo zilikuwa 10. Nguzo zilitakiwa 11. Boda ya kufuata nguzo moja ilizidi bei ya nguzo yenyewe, na mama yako mpaka leo hajanisamehe.

Wewe umekosea kwa upande wa pili: una nguzo 20, umehesabu nafasi 20. Toka namba ya kwanza hadi ya 20 kuna hatua 19 tu, maana ile 5 hukuifikia kwa kuongeza chochote, umeikuta. Basi 19 mara 3 ni 57, jumlisha 5, unapata 62.

Enzi zangu za ugumu, yaani kubeba mizigo ya watalii Mlima Kilimanjaro, tulilala kituo cha Mandara, kama mita 2,700, halafu Horombo, kama 3,700, halafu Kibo, kama 4,700. Kibo ni kituo cha tatu, lakini ukitokea Mandara na mzigo kichwani unapanda mara mbili. Shingo yangu ni shahidi. (Usiendelee hadi kileleni: mfuatano utakupa 5,700, na Kilimanjaro ina mita 5,895.)

Kitabu kinasema namba ya n ni a + (n − 1)d, a ikiwa namba ya kwanza na d ile unayoongeza kila hatua. Sawa. Mimi napenda kurudi nyuma hatua moja kabla ya 5, napata 2. Hapo nasimika nguzo ya uongo. Ukianzia kwenye hiyo, idadi ya hatua inalingana na namba yenyewe ni ya ngapi, kwa hiyo kanuni inakuwa 3n + 2. Ijaribu kwa n = 1: inatoa 5. Yako, 5 + 3n, inatoa 8, na hapo tu ungejishtukia.

Na ulipouliza kama 100 imo: toa 2, gawa kwa 3, inabaki 2. Haimo. 101 imo, ni ya 33.

Shangazi yako atakuja Jumamosi na sweta lako. Zile nguzo mchwa wamezimaliza. Ukija likizo tunaanza upya, na safari hii uzio unafika kwenye mparachichi, mita 48, nguzo kila mita 3. Niandikie ninunue ngapi.

Baba yako