Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wetu

Ndugu Afisa Elimu,

YAH: SIFURI YA MWANAFUNZI WANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Barua mbili nimekuletea kwa mkono na karani wako akazigonga muhuri. Hii ya tatu naiweka hadharani, maana jana matokeo ya utamilifu yamebandikwa na sifuri ileile ipo palepale.

Swali: alfabeti ilianzia wapi? Mtoto akaandika Sinai, Misri. Mwongozo wenu wa usahihishaji unasema Ugiriki. Kosa kubwa, alama mbili zikaenda.

Ndugu, Wagiriki wenyewe hawakujidai hivyo. Herodotus, mwanahistoria wao wa kale, aliandika kwamba herufi waliletewa na Wafoinike, wafanyabiashara wa pwani ya Lebanoni ya leo. Irabu ndiyo kazi ya Wagiriki, tunawashukuru. Lakini mwaka 1905 mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie alikuta maandishi ya ajabu Serabit el-Khadim, kwenye machimbo ya feruzi huko Sinai. Mwaka 1916 Alan Gardiner, mtaalamu wa maandishi ya Misri ya kale, akasoma humo neno Baalat, yaani Bibi, mungu wa kike aliyeabudiwa pale. Kila picha ilitoa sauti ya kwanza ya jina lake. Kichwa cha ng'ombe, alefu kwa lugha ya Wakanaani, watu wa kale wa nchi jirani na Sinai: pindua pembe zitazame chini, umeipata A. Marehemu bibi yangu alianza chuo cha Kurani na alifu hiyohiyo, na mtihani wako hakuufanya.

Ubishi upo, sikatai. Mtafiti Orly Goldwasser anasema wabunifu ni wachimbaji Wakanaani wasiojua kusoma hieroglifu, yale maandishi ya picha ya Misri. Mwenzake John Darnell, kwa maandishi ya Wadi el-Hol, jangwani Misri, anaona mkono wa jeshi la Misri na makarani wake. Mwaka 2024 mwanaakiolojia Glenn Schwartz akaleta vipande vya udongo vya Umm el-Marra, Syria, anavyovikadiria kuwa vya 2400 KK, yaani vya kale kuliko hayo ya Sinai, na wenzake wengi bado wanasita. Wabishane watakavyo, Ugiriki nimeiona kwenye mwongozo wenu tu.

Nahisi mlinakili mwongozo wa zamani, au aliyeutunga anaona aibu. Kwenye semina, kipaza sauti mkononi, uliahidi kila kosa litarekebishwa ndani ya wiki moja. Wiki yako ni ndefu: hii ni ya kumi na tisa. Nauli ya bodaboda imenila shilingi 18,000, na shuleni sasa naitwa mjuaji.

Nauli usinirudishie. Mwongozo nao, mkiona uzito, uacheni. Mtoto mrudishieni alama zake mbili. Mbili tu, Ndugu.

Mwalimu wa Historia, Kidato cha Nne