Barua kwa mwanangu kuhusu misheni ya Carmel

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Dar es Salaam. Mama yako amenitumia picha ya misheni ya San Carlos, ile ya Carmel, uliyoijenga kwa vipande vya sukari kwa ajili ya somo la historia ya California. Kuta zimenyooka na mnara wa kengele umesimama barabara, ila uwanja wa katikati ni mtupu, hauna hata mtu mmoja, na hilo ndilo lililonifanya nikuandikie. Pale maneno yatakapokushinda, mwombe mama akusaidie.

Kanisa la mawe uliloliiga lilikamilika mwaka 1797. Baharia Mfaransa aitwaye La Pérouse, aliyefika huko Septemba 1786, miaka miwili baada ya kifo cha mwanzilishi wa misheni hiyo, Padri Junípero Serra, alikuta kanisa la kuezekwa kwa nyasi, na karibu yake vibanda vipatavyo 50 vilivyokaliwa na watu wapatao 740, watoto wakiwamo. Hao walikuwa Waohlone na Waesselen, wenyeji wa pwani ile tangu kale, ambao mapadri Wafransisko kutoka Hispania walikuwa wamewabatiza.

La Pérouse aliandika jinsi siku yao ilivyokwenda. Waliamka jua linapochomoza, wakaenda kusali na kusikiliza misa kwa muda wa saa nzima, na huku nyuma uji wa unga wa shayiri iliyokaangwa, ulioitwa atole, ukipikwa uwanjani katika masufuria matatu makubwa. Kila kibanda kilituma mtu na chombo cha gome la mti kuchukua fungu lake. Uji ulipokwisha kugawanywa, ukoko walipewa watoto waliokuwa wameshika vizuri zaidi mafundisho ya katekisimu. Nawe unayegombania ukoko wa wali na binamu zako kwa bibi huhitaji kuelezwa zawadi hiyo ilikuwa na uzito gani.

Baada ya hapo ilikuwa kazi, saa saba kwa siku, mbali na saa mbili za sala. Wanaume walilima na kujenga, na wanawake, pamoja na kulea watoto na kupika, walisaga nafaka kwa kuviringisha jiwe juu ya jiwe, kazi iliyochosha kiasi kwamba de Langle, nahodha wa meli ya pili ya msafara wa La Pérouse, aliwaachia mapadri mashine yake ndogo ya kusagia kwa mkono. Mchana walikula pozole, mchanganyiko mzito wa ngano, mahindi, njegere na maharage.

Sitaki udhani kwamba mapadri wale walikuwa watu wa kupenda ukatili tu, kwani naamini wengi walisadiki kabisa kuwa wanaokoa roho za watu. Lakini aliyekwisha kubatizwa hakuruhusiwa kuondoka apendavyo, na akitoroka, askari walitumwa kumrudisha, kisha akachapwa viboko. La Pérouse aliona watu waliofungwa minyororo na wengine waliobanwa katika mkatale, akaandika kwamba mahali pale palimkumbusha mashamba ya watumwa ya Saint-Domingue, nchi ambayo leo ni Haiti. Wasichana na wanawake wasio na waume walifungiwa usiku katika bweni lao, na msongamano wa namna hiyo ulirahisisha kuenea kwa maradhi yaliyoletwa na wageni. Surua ya mwaka 1806 iliua watu wengi mno katika misheni za California, hasa watoto.

Jambo moja nje ya Carmel, kwa kuwa najua utaniuliza kama Waafrika walikuwapo: Los Angeles ilianzishwa mwaka 1781 na walowezi 44 kutoka Sinaloa na Sonora, na zaidi ya nusu yao walikuwa na asili ya Afrika.

Basi, kabla hujakabidhi kazi yako, weka masufuria matatu uwanjani, vizibo vya soda vitafaa, na mwanamke mmoja aliyepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia. Ongeza vibanda nje ya ukuta, vingi kadiri meza itakavyoruhusu, na bweni la wasichana ulichoree kufuli upande wa nje. Mwalimu akikuuliza sababu, mweleze mwenyewe, kisha uniandikie alivyojibu.

Wako akupendaye,
Baba