Mahindi yananukia karafuu, fukusi wanazaana

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka 13 bila kuwaandikia hata mstari. Ila ile makala ya mafuta ya kunukia, iliyodai kwamba matone machache ya karafuu, mchaichai au mkaratusi yanamaliza fukusi ghalani, imenishinda kuvumilia.

Niliwaamini. Nikapukuchua mahindi, nikajaza gunia, nikadondoshea mafuta ya karafuu, nikafunga kamba. Siku za mwanzo fukusi walitoka mbio wakafia juu ya gunia, nami nikajigamba kwa jirani. Wiki ya sita nikatia mkono: ndani kuna joto, na kiganja kikatoka cheupe kwa unga. Mahindi yamebunguliwa, kila punje ina tundu ubavuni. Harufu ya dawa ya jino bado ipo kwa mbali, na wadudu wapo, tena wapya! Kumbe fukusi jike hutoboa punje, hutaga humo, kisha huziba tundu, na mtoto hukulia ndani wiki 5 hivi. Mafuta haya huua zaidi kwa mvuke. Mvuke wenyewe hutorokea kwenye matundu ya gunia, na yule aliyejifungia ndani ya punje akitoka anakuta ghala zima ni lake. Mwandishi wenu hakugusia chombo kisichopitisha hewa, wala kukausha nafaka hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13, wala kipimo. Matone machache kwa kilo ngapi? Kwenye kichupa cha maabara chenye konzi moja ya punje, matone mawili ni gharika. Kwenye gunia la kilo 100 ni manukato tu.

Na mwarobaini mmeuchanganya na hayo mafuta ya kunukia kwenye makala yenu wa nini? Mafuta yake hukamuliwa kwenye mbegu na hayaruki hewani. Yanamfanya mdudu ashindwe kula na kukua. Halafu hili neno “asilia” mnalitumia kana kwamba ni cheti cha usalama. Mafuta ya karafuu yasiyozimuliwa huunguza ngozi, waulizeni vidole vyangu.

Pendekezo langu: anayetaka kuandika habari za hifadhi ya nafaka aweke kwanza gunia lake mwenyewe, miezi 3, chini ya kitanda anacholalia. Siku ya kulifungua, wewe Mhariri uchekeche mezani kwako, mchapishe picha ya kilichobaki juu ya chekeche na kilichoanguka chini. Iwe kubwa sawa na ile ya kichupa chenu kizuri cha mafuta.

Msomaji wenu, kwa sasa bado