Shoga, hicho kiwiko chako

Mama Zuu wangu,

Huku Tanga hatujambo, joto tu ndo linatumaliza. Voisi noti yako ya hicho kiwiko kinachokuuma, unayesema labda ni baridi yabisi, nimeisikia, nimeona nikuandikie maana kwa simu hunaga subira.

Kwa ulivyoelezea, hiyo sio baridi yabisi. Panapouma ni kiwikoni ila mkorofi ni msuli unaoinua kifundo cha mkono, unaitwa ekstensa kapi radialisi brevisi (jina lote hilo na wenyewe mfupi!). Umeshikilia kwenye kile kinundu cha mfupa upande wa nje wa kiwiko, unashuka mpaka chini ya kidole cha kati, ndo unaovuta kiganja kije juu. Sasa utaniambia mbona mi nakanda unga tu na kukamua manguo, siinui kiganja, ndo hapo sasa, kila ukishika kitu kwa nguvu huo msuli unakaza ili kifundo kisipinde, we kunja kiganja kwa ndani alafu ujaribu kukaza ngumi, utaona nguvu zote zimekwisha. Kwahiyo miaka yote ya chapati hiyo kano (kamba inayoshikiza msuli kwenye mfupa) pale kiwikoni inachakaa, nyuzi zake zinaharibika taratibu, na ndo maana vidonge vinatuliza maumivu tu kisha yanarudi palepale.

Jipime: laza mkono mezani kiganja chini, nyoosha kidole cha kati ukiinue, Zuu akikandamize. Ukisikia mchomo kwenye kinundu basi ndo wenyewe, watu wanauita tenisi elbo hata kama raketi hujawahi kuigusa.

Sindano ya steroidi (ile dawa kali ya kutuliza uvimbe) usikurupuke. Unapata nafuu wiki chache, kweli, ila kuna utafiti wa Australia wa 2013, baada ya mwaka waliochomwa steroidi hali zao zilikuwa mbaya kuliko waliochomwa sindano isiyo na dawa. Bora mazoezi: chupa ya maji ya nusu lita, mkono mezani, kiganja kining'inie nje kikiangalia chini, inua kwa kusaidiwa na mkono wa pili alafu shusha polepoleee. Maumivu kidogo sawa, yakizidi punguza maji. Ndoo na mifuko beba kiganja kikiangalia juu, na nguo akamue Zuu, ana mikono mizima yule.

Inachukua miezi, usinipigie wiki ijayo kulalamika. Ila vidole vikianza ganzi au kifundo kikalegea kisiinuke, hapo nenda hospitali siku hiyohiyo, hiyo itakuwa neva, yaani mshipa wa fahamu.

Wako,
Mama Rama