Kitanda Ninachowatumia Si cha Kulalia

Michigan, Marekani

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu kabla hujasoma zaidi, maana najua yuko hapo karibu yako anasikiliza, na najua jambo la kwanza atakalouliza ni kitanda.

Basi tuanze na kitanda. Kosa ni langu. Nilipowapigia Jumapili simu ilikuwa inakatikakatika, nami nikawa nahangaika kutafuta jina la Kiswahili la hiki kidude. Nikakumbuka kwamba chombo cha kufumia nguo huitwa kitanda cha mfumi. Nikasema nawatumia watoto kitanda cha kufumia, mtandao ukala neno la mwisho, na Mama akabaki na kitanda. Juzi nimepokea ujumbe wa shangazi akinishukuru kwa kumkumbuka mama yangu mgongo wake. Tafadhali mweleze shangazi taratibu. Kilichomo kwenye kifurushi kinaenea ndani ya mkoba wa shule, na atakayekilalia atachomwa na vijiti.

Ukifungua boksi utakuta kitanda chenyewe, cha plastiki, chenye safu tatu za vijiti vilivyosimama wima. Safu ya katikati imesogezwa kidogo, haikai sambamba na zile za pembeni. Usidhani kimeharibika njiani, ndivyo kinavyotakiwa kuwa. Kuna kulabu moja ndogo, vibanio ishirini na kitu vyenye umbo la herufi C, na mfuko wa vimpira vya rangi zaidi ya 600. Vimpira hivyo ni vidogo kuliko raba bendi za kufungia karatasi. Ukikiangalia kimoja kimoja utasema hakifai kitu. Ukivifunganisha vikashikana vinakuwa bangili, pete, mkufu, hata vikaragosi vya wanyama kwa mwenye subira kuliko mimi.

Nilikuwa nimemnunulia mwanao wa huku, yaani mwanangu mimi, kingine mwanzo, cha rahisi, kisicho na jina, dukani kwa mtu ambaye sitamtaja. Vijiti viwili vilivunjika siku ya kwanza. Kulabu ikapinda siku ya pili. Ndani yake kulikuwa na vidude vya kuning'iniza, nyota na mioyo, vinanuka kama rangi mbichi. Nikavitupa vyote, na baadaye nikafurahi kwamba nilivitupa: mwaka 2014 maabara ya Birmingham, Uingereza, ilipima vidude vya namna hiyo vya kuigiza ikakuta baadhi yake vina kemikali za kulainishia plastiki, zile ziitwazo thaleti, kwa asilimia 40 na zaidi, wakati sheria za Ulaya kwa vitu vya watoto zinaruhusu asilimia 0.1 tu. Ndiyo maana kwenye kifurushi hamtaona nyota wala moyo. Wapwa zangu wakilalamika waambie mjomba wao ni bahili, yatosha.

Hiki ninachowatumia ndicho chenyewe, kinaitwa Rainbow Loom, na nimekipenda zaidi nilipojua kimetoka wapi. Kimetoka hapa hapa Michigan, mji wa Novi. Aliyekibuni ni Cheong Choon Ng, mtu wa Malaysia aliyekuja Marekani mwaka 1991 kusoma, akawa mhandisi wa Nissan, kazi yake ikiwa kupima usalama wa magari yanapogongana. Mwaka 2010 jioni moja aliwakuta binti zake wawili wanafuma bangili za raba bendi kwa vidole. Akataka kujiunga nao. Vidole vyake vikakataa, vinene mno.

Hapo Dada ujue nilisoma mara mbili. Unavijua vidole vyangu. Wewe ndiye uliyekuwa ukinifungia vifungo vya shati la shule.

Yule bwana hakuwaambia wanawe kwamba mchezo huo ni wa watoto. Alitafuta kipande cha ubao, akachomeka pini za ubao wa matangazo kwa safu, akavisha vimpira juu yake. Mwanzo wasichana hawakuona la ajabu, kwa sababu walikuwa wanafanya vile vile kwa mikono mitupu. Alipoongeza safu za pini, mafundo yakaanza kutoa maumbo ambayo vidole peke yake haviwezi, na hapo wakamsogelea. Akatoa akiba ya familia, dola 10,000, akaagiza vifaa vitengenezwe China, yeye na mkewe wakawa wanaviunganisha nyumbani. Jina la kwanza lilikuwa Twistz Bandz. Wenye maduka walikitazama wasielewe ni cha kufanyia nini, na kweli, ukikiona kimekaa mezani utadhani ni brashi iliyonyonyoka. Kilichomwokoa ni video: binti zake na ndugu yao walionyesha kwenye YouTube namna ya kufuma, watoto wakawafundisha watoto wenzao. Kufikia 2013 kilikuwa kila mahali, hataza yake, yaani hati ya kumlinda mbunifu asiigwe, ikatoka mwaka huo huo, na shule kadhaa za New York zikakipiga marufuku kwa sababu darasani hakuna aliyekuwa anamsikiliza mwalimu. Mwaka uliofuata hata Papa Francis alipigwa picha amevaa bangili ya vimpira mkononi.

Mtoto wako mkubwa, yule mfanyabiashara, nakuomba umsomee kipande kinachofuata kwa sauti. Mwaka huo huo wa 2014, Uingereza, gauni la mtoto lililofumwa kwa maelfu ya vimpira hivi liliwekwa kwenye mnada wa mtandaoni wa eBay, na dau likapanda mpaka likapita pauni 170,000. Aliyetaja dau hilo hakulipa. Kwa hiyo afume, auze kwa rafiki zake akipenda, lakini asiache shule.

Sasa namna ya kukitumia. Karatasi iliyomo ina picha ndogo ndogo na mishale, na mimi ilinichukua jioni nzima kuielewa, kwa hiyo nakuandikia kama ambavyo ningependa mtu aniandikie.

Chini ya vijiti kuna alama ya mshale. Weka kitanda mezani mshale uelekee mbele, mbali nawe. Kila kijiti kina mfereji ubavuni, upande mmoja umekatwa. Ukumbuke mfereji huo, kazi yake inakuja. Chukua kimpira cha kwanza, kivishe kijiti cha kwanza cha katikati na upande wake wa pili ukivute mshazari hadi kijiti cha pembeni. Kimpira cha pili kianzie pale pale kilipoishia cha kwanza, kirudi katikati kwenye kijiti kinachofuata. Cha tatu vivyo hivyo kwenda pembeni. Katikati, pembeni, katikati, pembeni, kama nyoka anayetambaa, mpaka mwisho wa kitanda. Vimpira 25 hivi vinatosha mkono wa mtoto. Hadi hapo hujafuma chochote, umepanga tu, na ukivivua vyote vitadondoka kimoja kimoja.

Kisha geuza kitanda, mshale ukutazame wewe. Hapa ndipo watu wote wanapokwama. Kijiti kilicho karibu nawe kabisa kina kimpira kimoja, kiache. Nenda cha pili. Utaona vimpira viwili vimepandana. Mkono utataka kuchukua cha juu kwa sababu ndicho kinachoonekana. Usikiguse. Ingiza kulabu kwenye ule mfereji, ipite ndani ya kimpira cha juu, ishuke, inase cha chini. Kivute kipenye katikati ya mwenzake, kitoke, kisha ukipeleke mbele ukakivishe kwenye kijiti kile kile ambako upande wake wa pili umekaa tangu mwanzo. Kimpira kinakuwa kimejikunja na kumkamata mwenzake. Hicho ni kitanzi kimoja. Endelea kijiti hadi kijiti, daima cha chini, daima kwa ndani. Ukikipitisha kwa nje hakikamati kitu, na hutajua mpaka mwisho.

Mimi sikujua mpaka mwisho. Bangili yangu ya kwanza niliifuma siku theluji ilipofunga shule na mimi sikwenda kazini, tuko mezani mimi na mwanao. Nilikuwa nachukua vya juu. Nilipoitoa kitandani kwa fahari ikakatika vipande saba mbele ya macho yake, vimpira vikaruka hadi chini ya jokofu. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akanishika mkono, akanionyesha, nami nikawa nasema kwa Kiswahili ninachokiona: kitanzi, vuta, legeza, chini kwanza. Nilikuwa nasema peke yangu, kama mtu anavyohesabu.

Unajua nilivyokulalamikia kuhusu lugha yake. Namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, anasikia kila kitu na hatoi neno. Nimejaribu vitabu, nimejaribu kujifanya sisikii. Basi wiki ile, nikiwa nafuma, nikakosea tena, nikasikia kutoka upande wa pili wa meza: "Chini kwanza, Baba." Kwa ukali kabisa, kwa sauti ya Mama. Nilinyamaza nikaendelea kufuma, nikaogopa hata kumwangalia nisije nikamshtua. Sasa anasema legeza, anasema umekosea, anasema hiyo si rangi yake. Jana kaniuliza kimpira kikikatika tunasemaje. Nikamwambia kimekatika. Akarudia.

Ukishafika kijiti cha mwisho, usiinue kitanda kwanza. Nasa kibanio kwenye vitanzi vilivyobaki pale juu, vyote viwili, hakikisha vimeingia ndani ya C. Ndipo uvute taratibu, bangili itajivua yenyewe kijiti kwa kijiti. Ncha ya pili inase kwenye kibanio hicho hicho.

Wakishaizoea hiyo, kuna nyingine ninayoipenda zaidi, inaitwa mkia wa samaki, nayo haihitaji hata kitanda. Vijiti viwili vinatosha, au kalamu mbili, au vidole viwili vya mtu asiyekuwa mimi. Kimpira cha kwanza kikunje umbo la nane ukivishe. Ongeza viwili juu yake bila kukunja. Sasa vipo vitatu: chukua cha chini kabisa, kiinue upande huu, kiinue upande ule, kikae katikati. Vimebaki viwili vijitini, ongeza kimoja juu, chukua tena cha chini. Ni hivyo hivyo tu, mara hamsini hivi. Inatoka nene, imara, na mtu anaweza kuifuma huku anapiga soga. Nadhani hii ndiyo Mama ataichukua, kwa sababu haina kugeuza kitanda wala kukodoa macho.

Neno moja kuhusu kitinda mimba wako. Kila kitu anaingiza mdomoni, na vimpira hivi vinapotea chini ya meza kama mchanga. Fumieni juu ya sinia, na mfuko ukae juu ya kabati. Na yeyote asilale na kimpira kidoleni, hata kama hakibani; mtoto akilala hasikii damu ikizuiwa, na asubuhi kidole kimevimba. Bangili zivuliwe usiku. Hilo naomba liwe amri ya bibi yao, maana amri zangu mimi haziendi mbali.

Kwenye kona ya boksi, ndani ya karatasi nyeupe, kuna bangili ya kijani na nyeupe. Ni ya Mama, mkia wa samaki. Mwanao ameifuma mwenyewe, mimi nimehesabu tu. Hatukuwa na kipimo cha mkono wa Mama, nikakisia kwa mkono wangu mwenyewe nikapunguza kidogo. Ina vimpira 58. Ikimbana mwambie asiikate: fungua kibanio, nasa kimpira kingine kwenye ncha moja, kisha urudishe kibanio, itaongezeka. Ikimpwaya, nijulishe imepwaya kiasi gani, tutafuma nyingine.

Jumamosi tutapiga simu ya video. Mwanao anataka kuwaona wapwa zangu wakifuma, na ameniomba nisimtafsirie. Wawe na kitanda mezani, mshale mbele.

Wako mdogo,
Mwenye vidole vinene