Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Vipindi: mstari ulionyooka haupigwi shoti

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: SEHEMU YA ALHAMISI YA TAMTHILIA YENU YA HOSPITALI

Tunakusalimu kwa heshima. Hii ni barua yetu ya tatu. Ya kwanza mliijibu kwa maneno matamu, kwamba kuanzia msimu wa pili kutakuwa na mshauri wa kitabibu atakayeupitia muswada kabla ya kupiga picha. Ya pili hamkuijibu. Sasa tupo msimu wa tatu, na majina yanayopita mwishoni tumeyasoma hadi la mwisho: yupo mshauri wa mavazi, yupo wa nywele, yupo wa kucha. Hongereni. Kucha za yule daktari bingwa zilipendeza kweli wakati akimmalizia mgonjwa wake.

Tungenyamaza kama si yaliyofuata baada ya kipindi hicho, ambamo daktari anampiga shoti ya umeme mgonjwa ambaye moyo wake umesimama, naye anaamka. Watazamaji waliandika kwa mamia, nasi tumeyasoma maoni yao kwa sababu hao hao ndio wanaokuja kukaa mbele yetu kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, na ndio wanaosimama mlangoni mwa chumba cha dharura ndugu yao akiwa ndani. Wengi walilia na kumsifu daktari. Hilo halina ubaya, tamthilia ni ya kuliza watu. Lakini wapo waliouliza kwa nini mtu wao hakupigwa shoti siku ile moyo uliposimama, wakahitimisha kwamba manesi walikuwa wavivu. Msiba uliokwishapoa umefukuliwa upya kwa dakika nne za uongo.

Tuanze na huo uongo wenyewe. Monita imelia mlio mrefu, mstari umenyooka, daktari anadaka vyuma viwili, anavisugua, anapiga, mwili unaruka kitandani. Mheshimiwa, mstari ulionyooka haupigwi shoti. Mashine ile haiwashi moyo uliozimika kama betri ya gari. Kazi yake ni kuzima vurugu ya umeme: chemba za chini za moyo zinapotetemeka ovyo bila kusukuma damu, au zinapokimbia kasi mno hadi mapigo ya mshipa yanapotea, shoti huusimamisha umeme wote kwa mpigo mmoja ili kituo cha asili cha moyo kipate nafasi ya kushika usukani tena. Mstari ukinyooka, hakuna vurugu ya kuzima. Kinachofanyika ni kuhakikisha kwanza waya haujachomoka kifuani (jambo linalotokea mara nyingi kuliko waandishi wenu wanavyodhani), kisha kukandamiza kifua bila kuchoka, adrenalini miligramu 1 kwenye mshipa mapema iwezekanavyo na kurudiwa kila dakika 3 hadi 5, huku mtu mwingine akisaka chanzo: hewa imekosekana, damu imevuja, potasiamu imepanda, mwili umepoa kupita kiasi. Na vile vyuma vya kushika mkononi, sehemu nyingi siku hizi hutumia pedi za kunata, moja chini ya mtulinga wa kulia (mfupa wa mbele kati ya shingo na bega), nyingine ubavu wa kushoto chini ya kwapa.

Hilo la shoti ni la kitaalamu, mtasema mtazamaji hana mashine nyumbani. Haya, tuje kwenye lililotukosesha usingizi zaidi. Kabla gari la wagonjwa halijafika, mgonjwa wenu yuko sakafuni, hajitambui, anavuta pumzi moja kubwa kama ya kwikwi, ananyamaza, anavuta nyingine. Kaka yake anasema bado anapumua, anakaa pembeni kumshika mkono. Tamthilia ikamchora kuwa ndugu mwenye upendo, na watazamaji wakamsifu kwa utulivu wake. Mheshimiwa, zile ni pumzi za kukata roho. Hazipeleki hewa ya maana popote. Hutokea mara nyingi katika dakika za kwanza baada ya moyo kusimama, na ndizo zinazowadanganya watu wasianze kukandamiza. Kanuni tunayofundisha ni fupi: hajitambui na hapumui kawaida, piga simu ya dharura, iweke kwa sauti ya nje, anza kifua. Kila dakika inayopita bila kukandamizwa, nafasi ya kupona hushuka kwa takribani asilimia 7 hadi 10 pale ambapo moyo ulihitaji shoti. Yule kaka alikaa dakika tano za hadithi. Hesabu fanya mwenyewe.

Na kukandamiza kwenyewe! Viwiko vimekunjwa, mikono iko juu ya tumbo, mwendo wa kupapasa unga. Kwa mtu mzima ni katikati ya kifua, nusu ya chini ya mfupa wa kidari, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, viwiko vimenyooka na mabega yako juu ya mikono, na kila mara kifua kiachwe kirudi juu kabisa ili moyo ujae damu tena. Aliyefunzwa kupuliza hupuliza 2 baada ya kila 30. Ambaye hakufunzwa aendelee na kifua tu. Baada ya dakika 2 mkandamizaji abadilishwe, kwa sababu uchovu hupunguza kina kabla mwenyewe hajahisi kuchoka. Kusimama kusizidi sekunde 10. Kwenu muuguzi alisimama karibu dakika nzima ili daktari amalize hotuba.

Tunajua kwa nini viwiko vilikunjwa, na hapa hatuwalaumu waigizaji: kifua cha mtu mzima wa afya hakikandamizwi, utamvunja mbavu. Lakini dawa yake ni rahisi kuliko taa moja ya studio. Mvalisheni mdoli wa mazoezi shati la mwigizaji, kamera ianzie shingoni iishie kiunoni, uso wa mwigizaji upigwe picha peke yake, kisha viunganishwe. Wekeni kipima mdundo sikioni mwa anayekandamiza, mapigo 110. Mkitaka mvutano, umo humo ndani: mmoja anahesabu kwa sauti, jasho linadondoka, mwingine anatangaza dakika mbili zimetimia, wote wanaachia mikono, kimya cha sekunde chache, macho kwenye monita. Hakuna mwandishi anayeweza kutunga kitu kizito kuliko hicho, lakini ninyi mkachagua mwili unaoruka.

Kisha mgonjwa akafumbua macho, akamwita mkewe, akacheka. Ana mpira wa kupumulia kooni, Mheshimiwa! Ule mpira unapita katikati ya nyuzi za sauti. Mwenye nao hatoi neno. Anayerudishiwa mapigo kwa kawaida hubaki hajitambui, hupelekwa wodi ya wagonjwa mahututi, na mbavu zikiwa zimevunjika si ajabu. Wengi hawarudi kabisa. Wala si jambo jipya: mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine hesabu ya vipindi vya televisheni vya huko, wakakuta asilimia 75 ya waliofufuliwa kwenye skrini walinusurika pale pale, na asilimia 67 walionekana kufika hatua ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Katika maisha ya kweli, moyo ukisimama nje ya hospitali, hata pale huduma ni nzuri, anayefika nyumbani ni takribani mmoja kati ya kumi. Familia iliyozoea asilimia yenu, ikikutana na hiyo ya kweli, hutafuta wa kumlaumu. Tupo karibu, basi tunatosha.

Lile la kijiko mdomoni mwa mtoto wa kifafa tunaligusa tu, maana tuliliandika barua ya kwanza. Ulimi haumezwi. Kijiko huvunja meno, na vipande huziba njia ya hewa. Alazwe ubavu, kitu laini chini ya kichwa, saa itazamwe, ikipita dakika 5 ni dharura. Basi.

Tunahisi kwamba chanzo cha haya yote ni haraka: muswada unafika asubuhi, jioni picha zimekwisha, na kila mmoja ameiga tamthilia nyingine iliyoiga nyingine. Pengine pia mlio ule mrefu ni rahisi kueleweka na mtazamaji. Lakini mshauri mliyemwahidi angesoma kurasa za sehemu moja kwa saa mbili tu. Tulijitolea kusoma bure, Mheshimiwa, imo katika barua ya pili, aya ya mwisho. Ofa bado ipo, ingawa sasa tunaitoa kwa meno yaliyofungwa.

Tulitaka kuomba mengi: mshauri, tangazo la masahihisho, namba ya simu ya dharura mwishoni mwa kila sehemu. Tumeona tusiwachoshe. Tunaomba moja. Jumamosi usiku mnarudia sehemu hii. Kateni kipande cha zile pumzi na yule kaka. Shoti iacheni, vyuma viacheni, hata mgonjwa acheke na mpira kooni, tutavumilia hadi msimu wa nne. Ila pale kaka anaposema bado anapumua na watazamaji wanamwamini, kateni. Kama haikatiki, wekeni mstari mmoja wa maandishi chini ya skrini: hizi si pumzi, anza kukandamiza kifua. Ni maneno sita. Fundi wenu anaweza kuyaweka kabla ya Jumamosi.

Wako katika huduma,

Wakufunzi wa huduma ya kwanza na wauguzi wa chumba cha dharura